Nyumba Yetu Haimo Kwenye Reli ya Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla siri hii haijanitoka yenyewe. Mume wangu alikuwa mkuu wa stesheni ndogo kwa miaka ishirini na sita, akishinda huko tangu treni ya alfajiri mpaka ya mwisho, na tangu astaafu anaijenga upya juu ya meza yetu ya kulia, reli, mabehewa na yote, ramani aliichora kwenye karatasi zangu za kukatia nguo, nami nikamwachia, hata uzi mweusi nilimpa autumie kuwa nyaya za simu, na kusema kweli kazi yake inapendeza, kokoto amezichekecha kwa chujio la chai, benchi la abiria lina ule mguu wake uliovunjika, mbwa wa mlinzi yupo, lakini nyuma ya stesheni, pale tulipoishi na kulea watoto watatu, ameweka miti ya sponji. Nilimuuliza nyumba yetu iko wapi, akanijibu bila kuinua kichwa, "Pale sipakumbuki vizuri." Mshauri, niliumia. Kesho yake nikachukua kichwa cha treni nikakificha kwenye kopo la vifungo, leo siku ya nne anakitafuta chini ya makochi na mimi haniulizi, namwonea huruma lakini kukirudisha roho inakataa. Nifanyeje?

Fundi cherehani

Fundi, pole. Mbwa wa mlinzi kakutangulia, hata mimi ningenuna. Lakini kumfichia mtu mzima treni yake ni utoto, na unajua, ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya kumwambia yeye.

Sasa nisikilize. Mumeo hakukudharau, amekiri kuwa hapakumbuki. Mtu anayekumbuka mguu wa benchi hapendi kubahatisha. Alitoka watoto wamelala, akarudi wamelala. Nyumba ile uliijua wewe, na nadhani anaona aibu kukuuliza.

Leo mpe kichwa cha treni mkononi, usikiegeshe mahali ukajifanya umekiokota. Sema ulikificha, na sema kwa nini. Kisha vuta kiti, chukua futi yako unayoning'iniza shingoni, umwonyeshe mlango ulifungukia upande gani, kamba ya nguo ilifika wapi, mtoto gani aliangukia ngazi ipi. Wewe pima, yeye akate. Wala msiharakishe. Ana miaka ishirini na sita ya kusimuliwa.