Shangazi Anayeishi Baharini

Jumatatu, 4 Machi
Shangazi katinga ofisini kwetu leo, faili kifuani. Anataka hati ya kiwanja. Mkuu wetu wa ramani akafunua ramani ya zamani, akaweka kidole pale nyumba ilipo. Maji matupu. Kwa hiyo, akasema, shangazi anaishi baharini! Shangazi akamuuliza kama anamwona amelowa. Tukacheka wote, hata mkuu. Kaniagiza nikapime upya. Miaka kumi na moja nachora kwa wengine – leo kwetu.

Jumatano, 6 Machi
Nimeshinda mlangoni mwa mto. Nilianzia kwenye nguzo ya zege ambayo wapimaji wa zamani waliisimika ukingoni kabisa mwa bahari. Sasa imemezwa na nyasi. Kutoka hapo hadi majini: mita mia sita na kumi na mbili. Mto umebeba tope toka milimani, ukalitua hapa mwaka hadi mwaka, nyasi zikalishika.
Shangazi alinifuata na mwavuli, mdomo haufungi. Marehemu mumewe alipoanza kujenga, watu walimwita kichaa. “Ningemwona leo, ningemwambia tumeshinda,” akasema. Kisha akaanza kunikosoa ninavyoshika kamba ya kupimia.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu hajaridhika. Tope lililokuja laweza kuondoka, anasema. Kweli – upande wa pili mto ulihama mkondo, bahari ikala mita arobaini. Nimechambua picha za angani za miaka thelathini, moja moja. Kwa shangazi ufuo ulirudi nyuma mara moja tu, kisha ukasonga mbele kuliko mwanzo. Mkuu akavua miwani, akazitazama tena. Jumatatu atakuja mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi
Naandika nimekalia sanduku la vifaa, miguu topeni. Maji yamekupwa. Mkuu kaja na viatu vya ofisini, masikini. Kimoja kimezama, shangazi kakiopoa huku akimwita “mwanangu”.
Tulipofika ukingoni tukakuta, ng’ambo ya maji machache, ukanda mpya wa tope. Kwenye picha haupo. Ndege wameujaa. Shangazi hakungoja mtu, kakunja kanga, kaingia. Nimemwita, hageuki.
Mkuu amesimama na kalamu, anangoja nimwambie nchi kavu inaishia wapi. Shangazi bado anakwenda. Maji yanamfika magotini tu –