Baridi ya Kwenye Mteremko

Mpendwa Bi Hidaya,

Nisaidie mshauri wangu, maana nina furaha mpaka naogopa. Niliolewa wiki saba zilizopita na mwanamume ambaye nikimwona anafunga tu kamba za viatu moyo wangu unaruka, anaitwa Kasiano, tunaishi Gitega mtaa wa Magarama, na kila asubuhi ananiletea chai kitandani akisema, "Amka malaika wangu, jua linakusubiri wewe ndiyo litoke," hata kama nje ni ukungu mtupu. Mimi nimekulia Tanzania, nikamalizia sekondari huku baada ya wazazi kurudi Gasorwe, na sikuwahi kudhani mtu anaweza kupendwa hivi.

Kasiano alifiwa na mke wake wa kwanza, Imelda, miaka miwili iliyopita. Nililijua hilo na nikalikubali, na msiba ulishamalizwa kwa heshima zote. Imelda aliugua ghafla Muyinga, Kasiano akamkimbiza kuja hospitali Gitega kwa gari lake dogo jeupe, na hawakufika. Gari hilo ndilo tunalopanda mpaka leo.

Kila Jumamosi tunakwenda Muyinga kwenye duka lake la misumari na mabati, na Jumatatu asubuhi tunarudi. Wewe unaijua baridi ya mwezi wa saba. Kasiano hunifungulia shofaji, kile kipasha joto cha gari, mpaka mwisho, joto linanipanda miguuni, naye anaimba, na anaimba vibaya, na mimi nampenda kwa kuimba vibaya. Lakini tukirudi kuna mteremko mmoja mrefu unaoishia darajani, na kila tukiuanza joto linakatika kidogo kidogo, halafu kinakuja kiubaridi kama pumzi ya mtu aliyetoka kunywa maji ya kisimani. Inafuata harufu tamu, tamu ya kukera, kama maua yaliyosahaulika kwenye chombo, na nyuma ya dashibodi nasikia glu, glu, mtu anameza maji. Zulia chini ya miguu yangu limelowa, nimeligusa, linateleza. Kioo cha mbele kinaingia ukungu kwa ndani, na upande wangu, Bi Hidaya, kinajitokeza kiganja. Vidole vitano, vidogo. Niliweka changu juu yake, kikaenea sawasawa.

Na Kasiano hapo haimbi. Anatazama mbele tu mpaka tuvuke daraja, tukianza kupanda joto linarudi, anasema, "Unaona? Limepona." Miteremko mingine tunashuka vizuri, joto linabaki. Ni pale tu.

Siku moja nilimuuliza, "Unasikia harufu?"

"Harufu gani?"

"Tamu."

"Ni wewe hiyo," akacheka, lakini hakucheka vizuri.

Nikamweleza shangazi yangu Lucia, akaniambia, "Mwanangu, we umekalia kiti cha mwenyewe." Basi nikachukua maji ya baraka, nikatia na chumvi kama shangazi alivyonielekeza, na wakati Kasiano anampimia mteja misumari nikafungua boneti nikayamimina kwenye kile kidumu cheupe cha maji ya injini. Nimefanya hivyo mara tatu. Tangu hapo mshale wa joto umepanda kwenye nyekundu mara mbili, tukasimama barabarani mvuke unatoka, naye masikini anajilaumu kwamba amelichosha gari. Nimemwomba aliuze, akasema, "Niombe kingine chochote." Kwa hiyo analipenda gari kuliko mimi, au anampenda aliyemo ndani.

Jumamosi tunatakiwa kusafiri tena. Begi langu nimelifunga, limo chini ya kitanda, nimwambie achague gari au mimi, la sivyo nirudi Gasorwe. Nampenda mpaka naandika huku nalia. Nifanye nini?

Bibi harusi wa Magarama

*

Binti yangu,

Hongera kwa ndoa. Sasa vuta hilo begi chini ya kitanda, zirudishe nguo kabatini, ndipo uendelee kusoma.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi magari Muyinga, na kaka yangu Husni amerithi spana zake. Nilimsomea barua yako garajini. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "We dada, mwambie huyo bibi harusi mzimu hauvuji! Mi nimefungua magari mangapi, sijakuta marehemu hata mmoja. Iko radiateri kidogo ya shofaji, ile rejeta ya nyuma ya dashibodi, imetoboka."

Harufu tamu na ule utelezi ni maji ya rangi ya kupozea injini, yanadondokea miguuni kwako. Yakipungua, hewa inaingia mahali pake, na hiyo ndiyo inayomeza glu, glu. Injini ikizunguka kwa nguvu, maji yaliyobaki yanasukumwa mpaka kwenye shofaji mnapata joto. Ikizunguka polepole hayafiki, mnapuliziwa baridi. Mvuke wake ndio unaoganda kwenye kioo. Na kioo, binti, hutunza mafuta ya vidole muda mrefu, ukungu ukija unayaonyesha. Kiganja ni cha nani? Sijui, na sitakudanganya. Huenda ni chako, ulisinzia umeegemea. Huenda si chako.

Ila kwenye chumvi hapo nimekukasirikia. Umesoma mpaka sekondari, hujui chumvi inakula chuma? Maji ya baraka yana heshima yake, hayakuombewa yapoze injini. Ulikuwa unamwogopa marehemu huku wewe mwenyewe unamchemshia mumeo gari barabarani, naye anajilaumu, nawe umenyamaza! Mvuke ule ungemrukia usoni ungemwambia nini? Shangazi Lucia msalimie, mwambie abaki kwenye mapishi.

Leo hii, kabla ya chakula, mwambie Kasiano habari ya chumvi kwa mdomo wako. Jumamosi msisafiri. Gari lipelekwe kwa fundi asafishe njia zote za maji mpaka yatoke meupe, abadilishe hiyo radiateri kidogo na mipira ya maji iliyochoka, ajaze maji ya kupozea, si ya bomba, na atoe hewa yote shofaji ikiwa wazi mpaka mwisho. Kifaa kisipopatikana mapema, aifunge mipira inayokwenda kwenye shofaji, nanyi mvae masweta. Akitaka kung'oa themostati, ile inayozuia maji mpaka injini ipate moto, ati injini ipoe, mkatalie, mtaganda mpaka Pasaka. Na kifuniko cha maji hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kwa sala.

Kuna jambo moja lilimkatisha Husni kicheko. Nilimuuliza mbona miteremko mingine joto linabaki. Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, akasema, "Kule kwingine bwana anashuka na gia, injini inanguruma. Pale lazima anatoa gia, anaachia kila kitu. Anakwenda kama mtu anayefuata jeneza."

Gari halina kumbukumbu, binti yangu. Mguu wa mume wako unayo, na nadhani ni pale darajani Imelda alipomfia. Hakukataa kuliuza kwa kumpenda mwingine kuliko wewe; hajui tu amwache wapi. Wiki saba umemuuliza habari za harufu. Je, umewahi kumuuliza habari za Imelda?

Kwa hiyo fundi akioshe kioo upande wa dereva, upande wako akiache. Gari likishapona, Jumatatu ya kwanza mtakayorudi, mwombe asimame darajani. Mwambie, "Nieleze ilivyokuwa." Akilia, mwache alie, usimfute. Akimaliza, pulizia kioo pumzi yako mpaka kiganja kitokee, kisha mpe kitambaa.

Akikifuta, sawa. Akishindwa, rudisha kitambaa mkobani, funga mkanda, na umwambie aimbe.

Bi Hidaya