Ukoo wa Mwanaesha Ulioko Amerika

Shangazi Mwanakombo,

Umeshinda. Neno hilo sikukupa hata siku moja ulipokuwa hai, maana wajua mimi si mtu wa kukubali kushindwa.

Uzao wa Bakari, yule jamaa yetu wa zamani aliyekwenda Amerika na meli asirudi, nimeupata. Miaka mingi niliutafuta kwa jina la babake, kama walivyoniagiza wanaume wa kwetu, nisipate hata mtu mmoja. Kwa hasira nikaandika gazetini kwamba hadithi za bibi zetu si historia. Ulisomewa makala hiyo ukiwa jikoni wakanda unga wa mahamri, ukacheka: "Weye wasoma vitabu vya ulimwengu mzima, na mambo ya kwenu huyajui! Mtafute kwa mamake. Babake alimkana, atalibebaje jina lake?"

Tulipokuzika nilikosa wa kubishana naye. Nikabaki na maneno yako. Nikaandika "Mwanaesha", jina la mamake Bakari, kwenye kumbukumbu za Marekani zilizo mtandaoni, na Shangazi, wakatoka! Hati ya ndoa: Bakari Mwanaesha, mtia makaa melini, mzaliwa wa Mombasa. Kisha watoto, mwalimu, fundi wa reli, wajukuu, vitukuu, hadi walio hai leo. Mwanamke aliyeshona kofia Mji wa Kale ili mwanawe ale, leo watu wa ng'ambo wanajivunia kuitwa kwa jina lake. Nililia. Mimi!

Ijumaa nikazipeleka hati kwa Ami Athmani, ambaye karatasi ya nasaba yetu imetundikwa ukumbini mwake. Jamaa walijaa. Akasema, "Nasaba haipiti kwa mwanamke." Nikamuuliza, "Kwani Ami, wewe uliteremshwa kwa kamba?" Wanawake wakapiga vigelegele, naye mwenyewe akacheka hadi akakohoa. Lakini kalamu hakuishika. Nikamwambia sitoki. Alasiri ilipoadhiniwa, aliiteremsha ile fremu ukutani, akaandika kwa mkono wake: Mwanaesha, na mwanawe Bakari, na uzao wao.

Mola akunawirishie kaburi lako, Shangazi. Kitabu nitakiandika. Wanavyuoni hutaja kwanza waliowapokeza elimu. Basi na mstari wangu wa kwanza utasema haya nimeyapokea kwa Mwanakombo, ambaye hakupelekwa shule. Mwenye kutaka kubisha, na aje kwangu.

Mwanao mbishi