Kemi Amejibu Utani Wako

Kaka Ezra,

Barua huanza kwa kuuliza kama mwenzako ni mzima. Wewe siwezi kukuuliza, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye habari, nawe huko uliko najua masikio yamekusimama. Umbea uliupenda tangu utotoni.

Jumamosi binti yako Kemilembe alicheza netiboli hapa Kamachumu, timu yetu na ya Izigo. Amekuwa mrefu, Kaka. Miguu ni yako, shingo ni ya marehemu mama yake. Tangu ulipotuachia kipaza sauti anayetangaza ni Jasoni wa pale kwa fundi baiskeli, na bado kinatumia betri ya gari na kukoroma vilevile. Kemi akakosa goli moja. Jasoni akapaza sauti: "Msishangae, waitu! Mwanamke na mchezo ni kama mwanamke na senene. Wao wahangaike kunyonyoa mbawa, kula watuachie sisi. Tunawala kwa macho!"

Uwanja mzima ulicheka, kana kwamba ule mwiko wa kwetu wa mwanamke kutokula panzi wale bado una meno. Mimi sikucheka, maana maneno yale nayajua yalikozaliwa. Ni yako, neno kwa neno, hata ile "waitu" ya kuwaita wenzetu katikati.

Ulirudi kutoka vitani Uganda na redio begani na sauti ambayo sijui ulipewa na nani. Ukakaa kuigiza watangazaji mpaka kuku wakakuzoea, kisha ukaanza kutangaza mechi uwanjani. Wanaume walipocheza ulitaja majina yao na ya baba zao. Wasichana walipoingia, tukasikia habari za makalio, nani ataolewa, nani atabaki akilima kibanja cha baba yake. Nilipokugombeza ulisema, "Dada, hata redioni wanasema hivyo, na watu wanacheka." Kweli walicheka. Wewe kuchekewa ulikupenda kuliko ndizi na maharage.

Kisha ugonjwa ukaingia nyumbani. Ukamchukua mkeo, ukakurudia wewe. Miaka ile tulizika hapa, tukazika pale, na kila kijiji kikiwa na msiba jembe halishikwi na mpira hauchezwi, basi uwanja ukaota majani. Rafiki zako waliokuwa wakikubeba juu juu siku za mechi walipita njia ya mbali. Waliokuja ni wale wanawake wa netiboli. Walileta maji, walileta ndizi, walikugeuza kitandani. Siku moja uliwasikiliza wakifua nje, ukaniambia huku umetazama ukutani, "Niliwachekesha watu kwa miili ya hawa. Leo wananifulia mashuka." Ukalia, nami nikalia.

Msimu ule wa senene ulikuwa wa mwisho kwako. Mama alikukaangia, akakuletea kwenye jani la mgomba kama inavyompasa mwanamume wa nyumba. Ukatuita mimi na Kemi. Ukamwekea mtoto mkononi, ukasema, "Kula, mama. Kula, mbona mnawakamata nyie na kuwanyonyoa nyie?" Mama alitoka akipiga kelele kwamba tutazaa watoto wenye vichwa vya senene. Kemi alitafuna huku amefumba macho kwa hofu, halafu akafumbua jicho moja na kunyoosha mkono tena. Ulivyocheka siku hiyo! Ulikohoa hadi tukaogopa. Sijawahi kukupenda vile, Kaka, na nakukosa sana, acha niliseme wazi.

Sasa rudi uwanjani. Kemi alisimama na mpira kifuani. Refa akapuliza filimbi, hakusikia. Alitembea mpaka mezani kwa Jasoni, akainama kwenye kipaza sauti, na sauti yake ikafika hadi sokoni: "Mimi nakula senene. Baba yangu alinilisha kwa mkono wake. Wewe taja nimefunga mangapi."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka refa naye akaacha filimbi ianguke. Wanaume wengine walicheka, lakini safari hii walimcheka Jasoni. Kijana si mbaya, alikuna kichwa, na mchezo uliporudi akaanza kusema, "Kemilembe anapokea, Kemilembe analenga." Kumbe anaweza. Tulishindwa, lakini tulirudi nyumbani tukiimba.

Njiani ndipo mtoto aliponikamata. "Shangazi, Jasoni yale maneno ameyatoa wapi?" Nikamwambia ni ya redioni. Akafikiri kidogo, akasema, "Baba asingeyakubali." Nikajibu, "Asingeyakubali," na naona sikudanganya, maana baba anayemjua yeye ndiye yule wa kitandani.

Lakini Kamachumu unaijua. Kuna wazee waliokuwepo uwanjani enzi zako, na siku moja mmoja wao, pombe ikimkolea, atamwambia kwamba mwenye utani ule ni baba yake. Hana mama, hana baba, alichobaki nacho ni ile picha moyoni mwake, ya wewe ukimlisha. Nikiwaza itavunjwa na mlevi barabarani, silali.

Kwa hiyo nakuahidi hili. Nitamwambia mimi, kabla hajasikia kwa mtu. Nitamweleza yote, ya uwanjani na ya kitandani, na sitakupunguzia hata neno, ingawa wewe ni kaka yangu. Ukae salama humo mgombani tulimokuzika. Akija kaburini kwako amenuna, akakusema kwa sauti ya juu, mvumilie tu. Ni wewe uliyemfundisha kutonyamaza.

Dada yako