Mwajiri Haombi

Kizota, Jumanne

Fomu zimerudi tena kutoka Lusaka. Kibali cha kazi na ukaazi hawajanikatalia, ila wanataka barua ya mwajiri iandikwe upya. Mwajiri mwenyewe ni mimi! Kampuni ya mashine za kusaga niliyoisajili kule ni yangu, na fundi anayeombewa kibali ni mimi huyuhuyu.

Nimempelekea Mama Neema, mpiga chapa, ile barua ya kwanza. Alicheka mpaka akavua miwani. "Baba Asha, umeandika 'naomba kwa unyenyekevu', tena 'wako mtiifu'. Mwajiri haombi. Anasema anamtaka huyu mtu, na kwa nini."

Niliona aibu kujisifu. Sisi hata kwa balozi wa nyumba kumi tumezoea kuomba.

Nina wasiwasi. Nikichelewa, kibanda nilichokiwekea oda Lusaka kwa ajili ya mashine atapangishwa mtu mwingine. Lakini siachi, ng'o.

Mwaka juzi, walipotupunguza kazini, barua yangu ilisema: "Huduma yako haihitajiki tena."

Leo nimemwambia Mama Neema apige: "Kampuni haiwezi kufanya kazi bila fundi huyu."

Akaniangalia. Nikasaini.