Mafuriko ya Kwenye Karatasi ya Sambusa

Mtaa wa Iftin, Garissa

Hooyo, mama yangu mpenzi,

Salamu za amani zikufikie wewe kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote hapo Griftu. Goti linaendeleaje? Na yule mbuzi mweupe, bado anakohoa? Sisi huku, mimi na mjukuu wako Hamdi, tu wazima, alhamdulillahi, na tumekauka. Nalisema mapema ili moyo wako utulie. Tumekauka kabisa.

Fardosa mdogo wangu, msomee mama pole pole kwa Kisomali. Mimi kukisema najua, kukiandika sikufundishwa. Shuleni walitupa Kiswahili, na yenyewe ilikuwa miaka michache. Na usiruke mahali nitakapokutaja.

Hooyo, abti Dakane, ndugu yako, alifika salama jana asubuhi na lori la mbuzi. Nilikuwa nje mlangoni nakaanga sambusa, wateja wamesimama wanangoja. Nikaona mzee anakuja katikati ya vumbi, kikoi amekikunja mpaka magotini kama mtu anayevuka mto, na begani amebeba tyubu ya tairi la lori, imejaa upepo.

"Nimo! Mtoto yuko wapi? Maji yamefika wapi?"

Nilidhani jua limempiga. Gedi, yule anayetuletea maji kwa mkokoteni wa punda, alikuwa anashusha mitungi. Akamwambia, "Mzee, maji ndiyo haya. Ukitaka kuogelea ingia kwenye mtungi, lakini usimwage."

Wanawake wa jirani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Abti hakucheka. Alitoa mfukoni kipande cha gazeti, akakifungua kwa heshima kama cheti: MAFURIKO GARISSA, FAMILIA ZAHAMA. Ndipo nikaelewa. Ile ndiyo karatasi niliyofungia viatu vyako na majani ya chai nilipokutumia mzigo.

Hooyo, gazeti hilo ni la kabla Hamdi hajazaliwa. Mimi hununua magazeti ya zamani kwa kilo, nakata kila ukurasa vipande vya kutosha sambusa, na ule ukingo wa juu wenye tarehe ndio wa kwanza kwenda na mkasi, kwa sababu ni mwembamba, haufungi kitu. Fardosa alisoma vizuri, makosa si yake. Na mlingoti wenu wa simu bado haujatengenezwa, mngemuuliza nani? Lakini kumpandisha mzee juu ya lori, alale njiani amekumbatia tyubu, nchi yote kavu huku na huku! Anasema kila waliposimama watu walimuuliza anakwenda bahari gani.

Basi akapewa chai, na Mutua, fundi wa mawe kutoka Mwingi ambaye hula kwangu kila siku, akaanza uchokozi. Akachukua karatasi ya sambusa zake, akasoma, "SIMBA ATOROKA, WAKAZI WAONYWA WASITOKE NJE. Mzee, na hii je?"

Abti akafikiri. "Huyo simba sasa amezeeka, hana meno, anaomba supu. Mimi nahurumia wale wakazi. Kuna mtu aliwaambia watoke?"

Hapo hata mimi niliacha mafuta yakaanza kutoa moshi. Fikiria, hooyo, watu bado wamejifungia, watoto wamezaliwa humo ndani, wameoana humo humo, wanachungulia dirishani wakiulizana kama simba amepita.

Gedi akapata yake: MAJI YA BOMBA KUINGIA KILA NYUMBA. Akamgeukia punda, akamwambia, "Umesikia? Umestaafu. Kesho nenda ofisini ukaulize mafao yako." Punda akatikisa masikio. Kisha ikaja NGAMIA KUSAFIRISHWA KWA NDEGE, na abti akakasirika kweli, akamwambia Mutua kwa Kiswahili chake, "Ngamia yangu hapana kaa dirishani! Shingo itafika kwa dereva, itamuuliza habari ya njia." Mimi nilipata BEI YA SUKARI YASHUKA. Nikasema ningejua siku hiyo, ningeweka sukari kwenye chai mpaka kijiko kisimame peke yake.

Tulicheka hivyo mpaka karai likaisha. Sikuwa nimecheka siku nyingi. Watu walipoondoka, abti akaweka kikombe chini.

"Mama yako alisema, kama maji hayapo, mtoto nimlete hata hivyo. Lori linarudi kesho baada ya adhuhuri."

Hooyo, najua umesikia kuhusu tone la mafuta lililomuunguza Hamdi mkononi. Pamepona, pamebaki alama ndogo. Sitakuficha, nimechoka. Naamka kabla ya adhana nikande unga, na jioni mikono yangu inanuka vitunguu hata nikimkumbatia mtoto anageuza uso. Baba yake bado yuko Banissa, dukani kwa watu, na kutoka huko zinakuja salamu tu. Nakaanga kwa mkono mmoja, mwingine umeshika gauni la mtoto asisogelee moto. Nikasema moyoni, labda mama ana haki. Nikakunja nguo zake, nikazitia kwenye mfuko. Hazikujaza hata nusu. Usingizi wenyewe ulikuwa wa kugeuka tu.

Leo asubuhi nilipowasha jiko nilisikia kimya nyuma yangu, kile kimya cha mtoto kinachotisha. Nikageuka haraka. Hamdi alikuwa ameketi katikati ya ile tyubu, pale ukutani abti alipoitupa. Ameingiza kikombe chake na kitambaa, na Mutua alipokaribia akampigia kelele, "Sema hodi! Hii nyumba yangu!"

Hakutoka, hooyo. Nilikaanga karai zima kwa mikono miwili. Likaja la pili. Abti alikaa na chai yake akitazama. Baada ya adhuhuri lori lilipopiga honi, aliangalia ule mfuko wa nguo, akaangalia tyubu.

"Sasa nitamwambia nini dada yangu?"

"Mwambie umemwokoa," nikasema.

Akavuta ndevu. Akanitaka niandike barua upesi, yeye hawezi kueleza jambo kama hili kwa mdomo. Dereva analalamika, ndiyo maana mwandiko unakimbia.

Usimchukue Hamdi aje kwako, mama, tafadhali. Njoo wewe umwone, ukae naye pale kwenye nyumba yake, ukikumbuka kupiga hodi. Nitapata nguvu. Nafasi ya chekechea ameshapata.

Nisalimie ayeeyo, bibi yetu, na shangazi mshonaji, na jirani yetu muuza maziwa, na Fardosa, ambaye kuanzia leo atafute tarehe kwanza.

Kahawa na tende nimezifunga kwa karatasi niliyoichagua mwenyewe: MVUA KUBWA YAJA KASKAZINI. Ni gazeti la zamani, hooyo, tarehe nimeikata. Lakini hilo mkiliamini, mkatoa mapipa nje, sitatuma mtu kuwakataza.

Ni mimi binti yako mkavu,
Nimo, mama Hamdi