Bonde Lililoandikwa Tupu

Jumapili, 19 Oktoba 1952
Leo baada ya ibada Jumbe Enoki ametangaza: Tume inakuja! Wazungu watatu, wametumwa kusikiliza malalamiko ya watu juu ya ardhi. Jumanne watakaa bomani Njombe. Ee Mungu, asante! Tangu masika sijalala vizuri. Yule mpima ardhi alipita bonde letu limejaa maji, hakuna jembe hata moja, akachomeka vigingi vyake vyeupe, akaandika: ardhi tupu. Sasa wanataka kumpa mzungu anayepanda miwati, miti ile ya magome ya kuuza. Tupu! Masika nani analima bondeni? Wakati huo sote tuko mlimani. Vinyungu vyetu, matuta yetu ya bondeni, ni vya kiangazi — huku juu kukikauka, kule ndiko tunakopata chakula. Hata binti yangu Ema anajua, na hajaanza shule.

Nikamwuliza jumbe, Tume ikitusikia itatuamulia? Akasema hapana, haihukumu. Inasikiliza, ikitaka inakwenda kuona, inaandika, inamshauri Gavana. Basi? Basi. Haya, si haba. Mpaka leo hakuna aliyetuuliza chochote.

Wazee wamemchagua mume wangu Filemoni awasemee. Kwa sababu hana ugomvi na mtu. Mh!

Jumatatu, 20 Oktoba
Nimempigia pasi koti. Nimemsikia zizini akiwaeleza ng'ombe habari za vigingi. Kwa ng'ombe anasema vizuri sana.

Jumanne, 21 Oktoba
Nina hasira! Amerudi na lori jioni, namwuliza imekuwaje, anatazama miguu yake. Kumbe aliingia, akawaamkia. Mkubwa wao, mzee mwenye ndevu nyeupe, akamwuliza kupitia mkalimani: mna malalamiko gani? Na yeye — mume wangu huyu! — akajibu, hatuna neno bwana, tunashukuru kwa kuja, poleni na safari. Karani akaandika. Akaitwa mtu mwingine.

"Mama Ema," ananiambia, "mgeni hata hajapumzika, nimmwagie matatizo? Nilingoja aulize tena."

Ndivyo tulivyolelewa, najua. Mgeni anapokewa kwa heri, shida inasemwa akishakula. Lakini wazungu hawaulizi mara mbili! Nimemwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Amelala bila kula. Na mimi pia.

Jumatano, 22 Oktoba
Hasira imepoa kidogo. Nilikuwa bondeni nachuma maharage, akili ikanijia. Kesho Tume inakwenda Makambako, na barabara ni hii hii, inapita upande wa juu wa vinyungu vyetu. Kama shida inasemwa mgeni akishakula, basi tuwalishe kwanza! Nimevunja mahindi, yale yaliyokomaa vizuri. Nimemwambia Baba Ema kesho avae koti tena. Hakuuliza kwa nini. Ananiogopa tangu jana, na aendelee kuniogopa.

Alhamisi, 23 Oktoba
Wamesimama! Naandika mbiombio mlangoni, sufuria iko motoni.

Gari lilitokea na vumbi lake. Nikasimama katikati ya barabara na ungo wa mahindi ya kuchoma. Dereva akanitukana. Yule mzee akateremka mwenyewe. Kamwene, nikamwamkia, karibu ule. Akala. Akamaliza, akachukua la pili. Kisha akatazama kule mlimani, nyasi zote zimeungua, akatazama hindi mkononi. Akauliza kupitia mkalimani: mahindi mabichi mwezi huu mnayatoa wapi?

Nikasema, kwenye ile ardhi yenu tupu.

Hakucheka. Akauliza iko wapi. Nikamsukuma Filemoni mgongoni, roho juu juu, nikijua atampa pole ya safari. Filemoni akavua kofia.

"Bwana, tuna neno."

Nimelia, sina haya kuandika. Mzee amesema wazi kwamba haahidi kitu, vigingi vitabaki mpaka Gavana aseme, yeye ataandika alichokiona. Aandike! Nawaona kutoka hapa, wako chini kwenye matuta. Karani anaonyesha saa yake, Makambako wanangojwa. Dereva anapiga honi. Anapiga tena. Mzee amevua viatu, ameingia kwenye tope la maboga, na Filemoni, yule yule Filemoni, anaonyesha huku, anaonyesha kule, bado anasema —